Kitabu Kilichofichwa: Kwa Nini Tuzishike Kanuni za Maktaba ya Chuo



Kila mwaka wa masomo unapoanza, mafrateri wapya wa Falsafa hupewa karatasi yenye kanuni za maktaba. Huitia sahihi, huikunja, kisha huisahau. Baada ya wiki mbili hivi, swali lilelile husikika mezani: "Hivi kanuni zote hizi ni za nini? Mbona mkutubi anatufanya kama watoto?"

Nasi tuliuliza hivyohivyo tulipokuwa mwaka wa kwanza. Sasa tuko mwaka wa mwisho wa Falsafa, na tungependa kulijibu swali hili kwa utulivu. Tunawaandikia kwanza mafrateri wanaoanza. Tunawaandikia pia waamini wa parokiani ambao wana watoto vyuoni, au ambao huenda wana kitabu nyumbani chenye muhuri wa maktaba fulani na hawakumbuki kilifikaje pale.

Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufundisha. Kisha tutaona kanuni ya maktaba ni kitu cha namna gani, imetoka wapi, inadai nini, na tufanye nini inapotuumiza.

1. Tulichokifanya

Maktaba tunayosomea ni ya chuo kikuu. Humo tunakutana na watawa, walei, na hata mapadre waliorudi shule. Mwaka wetu wa kwanza kulikuwa na kitabu cha Mantiki ambacho mwalimu alikitaja karibu kila kipindi, na nakala yake ilikuwa moja tu. Kilikaa katika rafu za rejea, yaani vitabu vya kusomea humohumo, havitoki mlangoni.

Wiki chache kabla ya mtihani, sisi watatu wa darasa moja tulikitoa kitabu hicho mahali pake, tukakiweka nyuma ya majarida ya zamani yaliyojalidiwa, katika rafu ya mwisho ambayo hakuna anayeigusa. Kila tulipofika tulikwenda moja kwa moja pale, tukasoma kwa zamu, tukakirudisha mafichoni. Tulijiambia kwamba hatujaiba, maana kitabu hakijatoka nje ya jengo. Na kweli, ile karatasi tuliyoitia sahihi haikuwa na mstari unaosema "usifiche kitabu".

Mtihani tulifaulu. Siku matokeo yalipotoka, mmoja wetu alikuwa kituo cha daladala, akamsikia sista mmoja wa darasa letu akizungumza na mwenzake. Sista huyo alikuwa akija maktaba Jumamosi tu, kwa daladala mbili, kwa sababu siku nyingine alikuwa na kazi konventini. Jumamosi tatu mfululizo alikitafuta kitabu kile. Katalogi ilisema kipo, rafuni hakipo. Alifeli Mantiki, na mtihani wa marudio, ule tunaouita sapu, uliangukia likizo. Likizo hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake ya kwenda nyumbani kwa wazazi. Zamu nyingine ingekuja baada ya miaka miwili.

Mwenzetu alirudi akatusimulia. Usiku ule hatukulala vizuri. Asubuhi tulikwenda kwa padre mlezi wetu wa kiroho, tukamweleza. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema kwamba kuomba radhi ni nusu ya njia, nusu ya pili ni kufidia. Akatutuma kwa mkutubi kwanza, kisha kwa sista.

Mkutubi hakutugombeza. Alifungua daftari ambalo huandika vitabu vinavyotafutwa, akatuonyesha mistari mitatu yenye jina lilelile na tarehe za Jumamosi tatu. Akasema, "Someni hapa." Tulisoma. Akalifunga daftari, akaendelea na kazi yake.

Sista alitusikiliza akiwa amesimama. Alisema, "Nimewasamehe, mafrateri. Ila mama alikuwa ameshawaambia majirani kwamba nakuja." Tulimwomba aturuhusu tumsaidie kujiandaa na sapu, akakubali. Jumamosi tano tulikaa naye tukipitia hoja moja baada ya nyingine, na alifaulu. Likizo yake hatukuweza kuirudisha.

2. Je, kanuni ya maktaba ni sheria?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, swali la 90, anauliza sheria ni nini. Kwake, ili jambo liwe sheria kweli ni lazima liwe na mambo manne. Litokane na akili, si utashi mtupu wa mkubwa. Lilenge manufaa ya wote. Litolewe na aliyekabidhiwa jumuiya husika. Na litangazwe, ili watu walijue.

Tuzipime kanuni za maktaba kwa kipimo hicho. Zimetangazwa: zimebandikwa mlangoni na tumezitia sahihi. Zimetolewa na wenye dhamana: chuo kimemkabidhi mkutubi vitabu na wasomaji. Je, zinatokana na akili, na zinalenga manufaa ya wote? Hilo tutaliona katika sehemu ya nne, kanuni moja baada ya nyingine. Zikifaulu, basi hatuna haki ya kuziita usumbufu. Zitakuwa sheria ndogo za jumuiya ndogo, nazo zinatufunga katika dhamiri kadiri ya uzito wake.

Hapa ndipo tuliona kosa letu lilipokuwa. Tulidhani sheria ni maneno yaliyo kwenye karatasi, kwa hiyo palipokosekana neno tukadhani pana uhuru. Lakini maneno yale yote yana lengo moja: kitabu kimfikie anayekihitaji. Hatukuvunja mstari wowote, ila tulilivunja lile lengo ambalo mistari yote inalitumikia.

Aristotle aliliona tatizo hili zamani. Katika kitabu cha pili cha Siasa anaonya kwamba kitu kinachomilikiwa na wengi ndicho hutunzwa kidogo kuliko vyote, kwa kuwa kila mmoja hujali zaidi kilicho chake na kumwachia mwingine kile cha wote. Nani asiyejua hali ya jembe la jumuiya, au ya viti vya ukumbi wa parokia? Kitabu cha maktaba kimo katika hatari hiyohiyo. Kanuni ndizo hukilinda kitu cha wote kisigeuke kuwa kitu kisicho na mwenyewe.

3. Kanuni hizi zimetoka wapi?

Wengine hudhani kanuni za maktaba ni desturi za kisasa. Ni za zamani sana, na nyingi zimezaliwa ndani ya Kanisa.

Katika karne ya sita, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 33, inakitaja kitabu miongoni mwa vitu ambavyo mmonaki hawezi kuvifanya mali yake binafsi. Sura ya 48 inaagiza kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila ndugu apokee kitabu chake kutoka maktaba, akisome chote kwa mfuatano. Inaagiza pia wazee wapite saa za kusoma, wakaangalie kama kuna anayekaa bure au anayewasumbua wenzake kwa maongezi. Tukimwona mkutubi akipita kati ya meza, tujue anafanya kazi ya wazee wale.

Si wamonaki wote waliokuwa wakarimu. Baadhi ya monasteri zilijifunga kwa kiapo kutoazimisha vitabu kwa mtu wa nje. Sinodi ya Paris ya mwaka 1212 ilikikataza kiapo hicho, ikawakumbusha wamonaki kwamba kumwazimisha kitabu mwenye shida ni miongoni mwa matendo makuu ya huruma. Hii inapaswa kutugusa. Mtu anapokirudisha kitabu kwa wakati ili mwingine akipate, anashiriki tendo la huruma.

Katika mji huohuo, chuo alichokianzisha padre Robert de Sorbon kwa ajili ya wanafunzi maskini wa Teolojia kilikuwa na orodha ya vitabu 1,017 mwaka 1290. Waligawa maktaba yao sehemu mbili. Katika chumba kikubwa vitabu vilifungwa kwa minyororo mezani, ili yeyote aingiapo avikute. Katika chumba kidogo vilikaa vile vya kuazima, hasa vyenye nakala zaidi ya moja. Mwaka 1321 wakaagiza kwamba katika kila somo kitabu kilicho bora zaidi kifungwe mnyororo, wakitoa sababu kwamba manufaa ya wote hutangulia manufaa ya mmoja. Rafu zetu za rejea ni minyororo ile isiyoonekana.

Huko Uingereza, Askofu Richard de Bury wa Durham alimaliza mwaka 1345 kitabu kinachoitwa Philobiblon, juu ya kupenda vitabu. Anawaeleza wanafunzi wa wakati wake kwa uchungu na kichekesho: huyu kamasi zinamdondokea ukurasani, yule kucha zake chafu zinachora mstari, mwingine anaweka mabua kama alama na kuyasahau yaoze, mwingine anakula matunda na jibini juu ya kitabu kilichofunguliwa. Askofu huyohuyo aliandika utaratibu wa kuazimisha vitabu vyake kwa wanafunzi wa Oxford. Aliagiza wateuliwe watunzaji watano. Kitabu kitolewe kwa idhini ya watatu kati yao, na chenye nakala moja tu kisitoke nje. Anayekwenda nacho nje aache rehani yenye thamani kubwa kuliko kitabu, na jina lake na tarehe viandikwe.

Oxford huohuo ilifunguliwa maktaba ya Thomas Bodley mwaka 1602, ambayo kanuni yake kubwa ni kwamba kitabu hakiazimishwi. Mwaka 1645 Mfalme Charles wa Kwanza aliomba kitabu, akakataliwa kwa mujibu wa kanuni, naye akakubali. Mwaka 1654 Oliver Cromwell, mtawala aliyekuja baada ya mfalme huyo kuondolewa, aliomba pia, akajibiwa vilevile. Kanuni iliyomzuia mfalme na aliyempindua mfalme inaweza kutuzuia sisi mafrateri bila kutudhalilisha.

4. Kanuni zenyewe na sababu zake

Vyuo hutofautiana katika idadi ya vitabu, siku za kuazima na kiasi cha faini. Kwa hiyo kila mmoja asome kanuni za maktaba yake. Lakini zifuatazo utazikuta karibu kila mahali.

(a) Kitambulisho. Huingii wala huazimi bila kitambulisho chako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usimpe mwenzako kitambulisho chako akaazimie, hata kama ni rafiki wa damu. Kitabu kikipotea, jina lililo daftarini ni lako, na urafiki utaharibika kwa kitu ambacho dakika tano za kumsindikiza kaunta zingekizuia.

(b) Mifuko mlangoni. Wengi huchukia kuacha begi, wakiona wanatuhumiwa wizi. Fikiri kinyume chake. Kama kanuni ingewahusu wanaoshukiwa tu, kila aliyeombwa kuacha begi angekuwa ameaibishwa. Kwa kuwa inawahusu wote, padre, profesa na mwanafunzi, haimtuhumu mtu. Fedha na simu usiziache humo.

(c) Kiti na ukimya. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa ipokee wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Hata maktaba kubwa kama hiyo haitoshi ikiwa kila mmoja ataweka daftari juu ya kiti saa mbili asubuhi na kurudi saa sita. Kiti kilichoshikwa na daftari ni ndugu wa kitabu kilichofichwa. Kuhusu ukimya, sisi wa seminari tuna faida ya kuuzoea, ila tusijisifu: mara nyingi meza yenye minong'ono ni yetu. Simu izimwe sauti, na anayepigiwa atoke nje.

(d) Chakula na vinywaji. Makombo huita mende na panya, na hao hawali mkate tu, hutafuna pia gundi na karatasi. Maji yakimwagika, ukurasa huvimba na kuota ukungu, na ukungu huhamia kitabu cha jirani. Ndiyo maana mkutubi hutazama hata chupa ndogo ya maji.

(e) Vitabu vya rejea na vya akiba. Vya rejea, kama kamusi na ensaiklopedia, husomewa humohumo. Vya akiba ni vile ambavyo darasa zima linavihitaji wakati mmoja, na hutolewa kaunta kwa saa chache tu. Mgawo huu ndio unaokifanya kitabu kimoja kiwatoshe watu 40.

(f) Muda wa kuazima na faini. Tarehe iliyogongwa kwenye kitabu ni ahadi uliyoitoa. Ukihitaji muda zaidi, nenda ukaongeze kabla tarehe haijafika. Ukiambiwa kuna mwingine anayekisubiri, kirudishe. Kuna kosa moja la kifalsafa hapa ambalo tumelisikia mara nyingi: "Acha nikae nacho, nitalipa faini." Faini si kodi ya pango. Kuilipa hakukupi haki ya kukaa na kitabu, kama vile kulipa faini ya barabarani hakukupi haki ya kukimbiza gari. Anayekisubiri kitabu hapati hata senti moja ya faini yako.

(g) Kutunza kitabu. Usipige mstari, usikunje ncha ya ukurasa, usichane. Hata penseli acha. Mstari wako unamwamulia msomaji ajaye kipi ni muhimu kabla hajafikiri mwenyewe. Ukikiona kitabu kimechanika, usikigundishe kwa selotepu, kipeleke kaunta. Na ukikipoteza, usingoje kuulizwa.

(h) Usirudishe kitabu rafuni mwenyewe. Hii huwashangaza wageni. Maktaba nyingi huomba kitabu ulichosoma ukiache mezani au kwenye kigari. Kila kitabu kina namba yake. Katika mpangilio alioutoa Melvil Dewey mwaka 1876, ambao bado unatumika sana, mantiki iko 160, maadili 170, Biblia 220. Ukikosea ukakiweka cha 160 penye 610, kwenye tiba, umekificha bila kukusudia. Katalogi itasema kipo, na sista mwingine atakitafuta Jumamosi tatu. Tena wakutubi huhesabu vitabu vilivyoachwa mezani ili wajue vipi vinasomwa na vipi vinunuliwe nakala zaidi.

(i) Kutoa kopi. Kunakili kurasa chache kwa ajili ya kusoma mwenyewe ni jambo moja. Kukipeleka kitabu kizima stesheneri na kuwauzia wenzako ni jambo jingine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na haki ya asili: mfanyakazi anastahili ujira wake, na mwandishi ni mfanyakazi.

(j) Nywila na majarida ya mtandaoni. Siku hizi sehemu kubwa ya maktaba haionekani kwa macho. Chuo hulipia au huingia mkataba ili wanafunzi wake wasome majarida kwenye intaneti. Nywila uliyopewa ni kama kitambulisho, haigawiwi. Usipakue pia majarida kwa mamia kwa mkupuo eti utayasoma baadaye. Mchapishaji akiona hivyo huweza kukifungia chuo kizima, na wenzako wote watakosa kwa ajili ya flashi yako.

(k) Kibali cha kumaliza. Mwishoni mwa masomo, maktaba hutia sahihi fomu yako kwamba hudaiwi kitabu. Wengi huanza kukimbizana na vitabu siku hiyo. Anayerudisha kwa wakati miaka yote hupata sahihi yake kwa dakika moja.

Tukirudi kwa kipimo cha Mtakatifu Thoma, tumeona kwamba kila moja ya kanuni hizi ina sababu inayoelezeka, na kila sababu inamtazama mtu wa pili, yule atakayekuja baada yetu. Basi zimefaulu.

5. Kanuni inapoumiza

Haitoshi kusema tutii. Kanuni imetungwa na watu, nayo hutazama yanayotokea mara nyingi. Haiwezi kuona kila hali. Mwanafunzi amelazwa hospitali wiki mbili, faini imepanda kila siku. Mwanafunzi mjamzito amekatazwa kuingia na maji, na daktari amemwambia anywe mara kwa mara. Tufanyeje?

Mtakatifu Thoma anasema mambo mawili yanayotusaidia. La kwanza, sheria ikitwisha watu mzigo usio na uwiano, inapungukiwa na haki, hata kama lengo lake ni jema. Faini ambayo kwa tajiri ni bei ya soda na kwa maskini ni nauli ya mwezi inastahili kufikiriwa upya. Mwenye kuliona hilo anafanya vema kulisema.

La pili ni fadhila iitwayo epikeia, ambayo Aristotle aliieleza kabla yake: kuliacha neno la sheria pale ambapo kulifuata kungeliangamiza lengo la sheria yenyewe. Lakini Thoma anaweka mpaka. Kama hatari si ya ghafla, si kila mtu ana mamlaka ya kuamua kwamba sheria haimhusu, bali amwendee mwenye dhamana. Kama hatari ni ya ghafla na hakuna nafasi ya kuuliza, dharura yenyewe huleta ruhusa.

Kwa mfano, usiku wa mvua paa la maktaba linavuja juu ya rafu. Usingoje mkutubi akuandikie. Vitoe vitabu vyote, hata vya rejea, vipeleke pakavu, kisha umpigie simu. Lakini mtihani wa wiki ijayo si paa linalovuja. Sisi watatu tulikuwa na wiki nzima ya kwenda kwa mkutubi na kusema, "Nakala ni moja na sisi ni wengi, tufanyeje?" Tulipomuuliza baadaye, alitujibu kwamba angekitoa kitabu rafuni akakiweka akiba kaunta, kwa saa mbili kwa kila mtu. Ndivyo alivyofanya wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo hatujasikia malalamiko juu ya kitabu kile.

Basi, mafrateri wenzetu, mkutubi aulizwe. Salamu, maelezo mafupi na ushahidi kama cheti cha hospitali hufungua milango mingi kuliko ujanja.

6. Neno kwa waamini parokiani

Huenda mtu akasema, "Haya ni ya wasomi, mimi sijawahi kuingia maktaba ya chuo." Tutazame basi rafu ya sebuleni. Pengine kuna kitabu cha shule ya mtoto aliyehitimu zamani, kitabu cha nyimbo cha kwaya uliyoihama, au Biblia ya jumuiya iliyokuja kwako kwa sala ya usiku mmoja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inapoeleza amri ya saba haitaji wizi wa kuvunja mlango tu. Inahesabu pia kung'ang'ania kwa makusudi kitu cha kuazima. Na namba 2412 inafundisha kwamba haki hudai mali irudishwe kwa mwenyewe. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamtaka aliyeazima mnyama akafa au akaumia alipe. Wasomaji wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, watamkumbuka yule mwanafunzi wa manabii aliyeangusha chuma cha shoka mtoni. Kilio chake mbele ya Elisha hakikuwa kwamba kazi imekwama, bali kwamba shoka lile lilikuwa la kuazima. Mungu akakifanya chuma kielee ili mtu arudishe kitu cha watu.

Kama una kitabu cha namna hiyo, hatua ni rahisi. Tazama muhuri ujue ni cha nani. Kipeleke, au mtume mtu unayemwamini. Sema ukweli kwa kifupi, bila hadithi ndefu. Ukitajiwa faini usiyoiweza, omba kulipa kidogo kidogo au kufidia kwa njia nyingine. Kitabu kikiwa kimepotea, uliza kama unaweza kununua kingine. Aibu ya kaunta haizidi dakika tano.

Na parokia yenye kabati la vitabu, hata vikiwa 30, ianze na daftari: jina la kitabu, jina la msomaji, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Mistari hiyo minne ingetosha hata kwa watunzaji watano wa Askofu de Bury.

Hitimisho

Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua mwisho wake u karibu, alimwandikia Timoteo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Tim 4:13). Inapendeza kufikiri kwamba huenda Karpo alikuwa ametunza pia vitabu vya mwingine. Nasi ni akina Karpo. Vitabu tulivyo navyo mikononi ni vya mtu anayekuja, na huenda anakuja kwa daladala mbili, siku moja tu katika wiki.

Mwaka huu, tunapoitia sahihi ile karatasi, tuisome kwanza. Kisha tumfikirie mtu mmoja mwenye jina na uso ambaye atakihitaji kitabu baada yetu. Sisi tunamfikiria yule sista. Zamu yake ya kwenda nyumbani imefika tena mwaka huu, na tumemwombea safari njema.

Maswali ya kutafakari peke yako au katika jumuiya

1. Je, kuna kitu cha kuazima nyumbani au chumbani kwangu ambacho muda wake wa kurudi umepita? Nitakirudisha siku gani?

2. Ni kanuni gani ya maktaba, ya seminari au ya parokia inayoniudhi zaidi? Inamlinda nani?

3. Ni wapi nimejitetea kwa kusema "haikuandikwa", ilhali nilijua lengo la kanuni?

4. Kuna kanuni ninayoiona haina haki? Nimemwendea mwenye dhamana, au ninalalamika mezani tu?